Prufu Tatu za Mzee Mwinyikondo

Sentensi ya kwanza ya kumbukumbu hizi nimeiandika mara sita. Hiyo mliyoisoma ni ile ya pili, nimebadilisha idadi tu. Nyingine zilizidi kuharibika kadiri nilivyozifikiria. Nawaambia mapema, vijana, ili mjue nasaha hizi zinatoka kwa mtu wa namna gani.

Nyie mnaokuja kwangu hapa Temeke na bahasha zenu mkononi, mnanikuta kibarazani, mnaniamkia vizuri, kisha mnaanza kulia. Wachapaji wamebadilika. Jana walitaka vitabu vinene, leo wanataka vyembamba. Jana walipokea mswada wa mkono, leo hawautazami. Mnaniuliza mwandishi afanye nini. Mie nalifikiria swali lenu mpaka chai inapoa, halafu najibu, "Inategemea," nanyi mnaondoka mkinong'onezana kwamba babu kaanza kuchoka. Sijachoka. Hivi ndivyo nilivyokuwa hata nikiwa na miaka ishirini na miwili, enzi za Mwingereza, nilipokuja mjini kutoka Masasi na cheti changu cha ualimu, nikaacha kufundisha kwa kuogopa watoto, na nikapata kazi ya usahihishaji kwenye kiwanda kidogo cha chapa.

Kazi yenyewe ni kusoma prufu, yaani zile karatasi za majaribio zinazotolewa kabla kitabu hakijachapwa, na kutafuta makosa. Mtu mwenye wasiwasi angedhani amezaliwa kwa kazi hiyo. Mie nilidhani. Kasoro yangu ilikuwa kwamba niliona makosa mahali ambapo hayakuwepo, na yalipokuwepo niliyatafutia sababu nzuri za kubaki.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Maulidi, mpangaji wa herufi. Siku hizo kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, na fundi alizipanga moja moja mpaka ukurasa ukamilike. Maulidi alisoma kinyume, kutoka kulia, vichwa vya herufi vikiwa chini, kwa kasi zaidi kuliko mie ninavyosoma wima. Siku ya kwanza nilitaka kumwonyesha kwamba msomi haogopi kuchafuka. Nikaunyanyua ukurasa mzima alioupanga tangu asubuhi. Sikujua kwamba ukurasa kabla ya kunyanyuliwa hufungwa uzi. Herufi zikamwagika sakafuni kama mtama.

"Ala! Mwalimu," akasema Maulidi, "unapanda shamba?"

"Samahani, fundi. Nilifikiri—"

"Hapa hatufikiri. Hapa tunafunga uzi."

Siku mbili nilikuwa nimepiga magoti nikizirudisha herufi kwenye visanduku vyake. Ndiyo maana mpaka leo ukinifumba macho nitakuambia kila herufi ilikaa wapi. Mtu akiniuliza njia ya haraka ya kujifunza kazi ya chapa, namwambia amwage kitu.

Mengine niliyojifunza nawapa bure. Prufu isome mara tatu. Mara ya kwanza soma kwa sauti, kwa sababu sikio haliruki neno kama jicho. Mara ya pili anzia mstari wa mwisho upande juu, rula ikiwa chini ya mstari, ili hadithi isikuvute ukasahau kazi. Mara ya tatu tafuta majina tu, ya watu na ya mahali. Hiyo ya tatu hakuna aliyenifundisha. Niliigundua mwenyewe, mbele ya watu wengi, wakinicheka.

Mzee Mwinyikondo alikuwa mwandishi wa vitabu wa Mtoni, na hakuwa na hata kitabu kimoja kilichopigwa chapa. Msishangae. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya mwanzi, na kila mteja aliandikiwa nakala yake. Visa vyake vilikuwa vitano tu. Kilichopendwa kupita vyote kilimhusu mjumbe wa sultani aliyesahau ujumbe wake njiani. Akawa anakwenda mji hadi mji akiuliza watu, "Jamani, mnadhani nilitumwa nini?" Kila mji ukampa jibu linaloufaa mji wenyewe, mpaka akafika mahali akamwona binti kisimani, akaposa, akaoa, akatulia, na sultani anangoja hadi leo.

Mahali hapo ni wapi? Hapo ndipo penye utamu. Katika kila nakala mzee aliacha wazi sehemu tatu: mjumbe anapomwona binti, anapoposa, na anapooa. Mteja akija kuchukua kitabu, mzee alimuuliza, "Kwenu wapi, na bibi yenu aliitwa nani?" Kisha akajaza. Kwa hiyo ukoo mmoja wa Kurasini ulikuwa na kitabu ambamo mjumbe alimwoa bibi yao Zena. Kinondoni walikuwa na kitabu ambamo alimwoa bibi yao Mwanahawa. Wote walijua kwamba ni hadithi. Wote pia walijua kwamba bibi yao ndiye hasa aliyeolewa, na vitabu vya wengine ni uzushi. Kitabu kikikamilika kilisomwa kwa sauti barazani, kahawa ikizunguka. Mteja asiposikia kwao, alikuwa na haki ya kukiacha pale pale mkekani.

Haya yote nilielezwa mapema, nikayaandika daftarini kwa mwandiko mzuri. Kwa hiyo msinitafutie udhuru.

Shida ya mzee ilikuwa mkono. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha ukurasa mmoja ukawa unamla asubuhi nzima, na mwishowe hata jina lake mwenyewe likawa linayumba. Mwanafunzi hakuwa naye. Vijana wote waliojua kalamu walijua herufi za Kizungu na walitaka ukarani. Ndipo akaja kiwandani kwetu, kanzu imenyooshwa, na kumwomba tajiri, mwenye kiwanda, amchapie.

"Nachapa kimoja, mzee wangu," tajiri akasema. "Watu wakikichukua kabla ya Ramadhani, nachapa na vile vinne. Wasipokichukua, wauza karanga pale sokoni wanatafuta karatasi kila siku."

Mzee akacheka kwa adabu. Nilipomsindikiza nje alisimama akaunyoosha ule mkono mbele yangu. "Mwanangu," akasema, "visa vinne vimo sandukuni. Na mkono ndio huu." Akashika njia ya Mtoni.

Mie herufi za Kiarabu sizijui. Ikabidi yeye asome na mie niandike kwa herufi zetu, ambazo yeye alizijua kidogo tu. Kila Jumapili baada ya kanisa nilipanda baiskeli kwenda kwake. Jumapili ya kwanza tulianza hivi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kalamu ina wino? Haya. Tunamwandikia nani?"

"Watu wote, mzee."

"Watu wote wa wapi?"

"Wa popote. Kitabu cha chapa kinakwenda popote."

"Popote ndiko kwa nani?"

Nikamhutubia. Nilimweleza habari za wasomaji, maendeleo, na mwandishi kutomfahamu anayemwandikia, mambo niliyoyasoma chuoni kwa mitihani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akanywa maji, akasema, "Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mzee."

"Basi andika chochote hapo."

Nikaandika, katika sehemu zote tatu, "binti mmoja wa mji ule." Mzee aliposomewa akakunja uso. "Binti mmoja! Kama mbuzi wa mnadani."

Prufu zilipotoka, desturi ya kiwanda ilikuwa kumpelekea mwandishi seti moja. Mie nilimpelekea tatu. Nilifikiri: moja ikipotea ipo ya pili, ya pili ikiloa mvua ipo ya tatu. Nikazifunga kwa kamba, nikamwambia azipitie na arekebishe atakavyo. Sikuwaza kwamba namkabidhi vitabu vitatu mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuona nakala tatu bila wateja watatu. Na wateja watatu alikuwa nao. Majirani zake wa Mtoni walikuwa wamemwomba kwanza, kisha Bi Mwanahawa wa Kinondoni, mjukuu aliyerithi jina la yule Mwanahawa wa kitabuni, ambaye nakala yake ya mkono ililiwa na mchwa, na wa tatu Nyapara Athumani, msimamizi wa makuli wa bandarini, kule Kurasini.

Nilipozirudisha kiwandani, kila seti ilikuwa imefutwa "binti mmoja" na kujazwa kwa mkono ule unaotetemeka. Seti ya kwanza alikuwemo Mwanaidi wa Mtoni, mwanzo hadi mwisho. Ya pili Mwanahawa wa Kinondoni. Ya tatu Zena wa Kurasini. Juu ya kila seti mzee aliandika namba: moja, mbili, tatu. Ilikuwa foleni ya wateja wake.

"Hizi zinapingana," akasema Maulidi. "Nipange ipi?"

Hapo mtu mwenye akili ya kawaida angepanda baiskeli. Mie nilikaa kwenye kiti nikafikiri. Kitabu kilichapwa kwenye karatasi kubwa tatu, kila moja hukunjwa ikawa kurasa kumi na sita. Karatasi tatu. Seti tatu. Namba moja, mbili, tatu. Ikanijia ile furaha ya mtu mwenye cheti. Kumbe mzee ni msanii mkubwa! Karatasi ya kwanza ifuate seti ya kwanza, ya pili ifuate ya pili, ya tatu ya tatu. Mjumbe anamwona binti Mtoni, anaposa Kinondoni, anaoa Kurasini, na huyo ni mwanamke yule yule, anayebadilika kadiri msafiri anavyobadilika! Nikaandika kurasa mbili za kueleza fumbo hilo, kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Maulidi alinitazama kama anavyotazama herufi iliyovunjika. "Mwalimu, kamuulize mzee. Mtoni si Mombasa."

"Mwandishi mkubwa haulizwi maana, fundi."

"Mwandishi mdogo je?"

Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilimwona mzee akishusha kikombe cha maji na kuniambia tena, "Kwa hiyo hujui." Afadhali, niliona, nikosee kisomi kuliko niulize kijinga. Tajiri naye hakusoma. Mshahara alinipa ili nisome mie. Kitabu kikachapwa, nakala mia tano, jalada la kijani.

Siku ya kukisoma tulipeleka nakala Mtoni kwa mkokoteni. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, mikeka imetandikwa mbele ya nyumba ya mzee, watu wamejaa mpaka barabarani. Bi Mwanahawa alikuja na kundi lake kutoka Kinondoni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kupigia mbiu. Nyapara Athumani alikuja na makuli wanane. Kila mtu akashika nakala yake, hata wasiojua kusoma, wakaigeuza na kuinusa. Mzee akanipa heshima ya kusoma.

Nilipofika kisimani nikasoma, "akamwona Mwanaidi, binti wa Mtoni, anateka maji." Wenyeji wakapasua vigelegele. Bi Mwanahawa akaweka kikombe chini. Nikaendelea. "Akapeleka posa Kinondoni, kwa kina Mwanahawa."

"Eeh!" Bi Mwanahawa akanyanyuka. "Mmesikia?"

"Ngoja kwanza," mwenyeji mmoja akauliza, "yule wa kisimani yuko wapi?"

"Bado anateka maji," akajibu mwingine.

Watu wakacheka. Mie nilikuwa bado naamini fumbo langu. Nikasoma mpaka, "na harusi ikafanyika Kurasini, bibi harusi akiwa Zena."

Nyapara Athumani akapiga paja. "Hapo sasa! Sie Kurasini hatutazami wala hatuposi. Tunaoa!"

"Mjumbe gani huyu? Ujumbe kasahau, na mchumba kasahau!"

"Kaoa kwenye makuli, mahari kalipwa magunia ya mkonge!"

"Bado ana nafasi. Vingunguti wajiandae!"

Kicheko kilikuwa kikubwa, na kama kingeishia hapo ningesalimika. Lakini Bi Mwanahawa hakucheka. Alikuja mpaka mbele ya mzee, kitabu mkononi.

"Mzee Mwinyikondo, bibi yangu kaposwa akaachwa? Tena kwa chapa? Kile cha mkono kilikuwa maneno yako na yangu. Hiki kitasomwa na watu nisiowajua, nami sipo kuwajibu."

Akakiweka mkekani. Mwenyeji wa Mtoni akaweka chake juu yake. Kisha mwingine, na mwingine. Hata wa Kurasini, ambao bibi yao aliolewa, wakaanza kuona haya kushika kitabu cha ugomvi. Vitabu vilirudi mkekani kimoja kimoja, na niliona vile vinne vya sandukuni vikirudi navyo.

"Mwanangu," mzee akaniuliza taratibu, "nani kakwambia upange hivi?"

"Nilifikiri, mzee."

"Ulifikiri nini?"

Vijana, nikawaeleza. Kadamnasi nzima. Nilieleza kwamba ni mwanamke mmoja anayebadilika kadiri msafiri anavyobadilika. Nilitoa hata zile kurasa mbili mfukoni. Bi Mwanahawa akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, umeoa?"

"Bado, mama."

"Inaonekana."

Walicheka tena, safari hii mie peke yangu nikiwa karanga yao ya kutafuna. Nikasema kosa ni langu, mzee hana hatia, vitabu vichomwe nami nifukuzwe. Mzee aliomba wino. Akachukua nakala ya Bi Mwanahawa, akafungua pale kisimani, akaweka kalamu juu ya jina la Mwanaidi ili alifute. Mkono ukamtoroka. Kalamu ikapita katikati ya ukurasa, ikachana karatasi, wino ukamwagika kwenye kanzu.

Kicheko kikakatika. Wengi pale walikuwa hawajaujua ule mkono. Mzee alikuwa akiuficha ndani ya kanzu. Alikaa anautazama ukurasa. Kisha akanisukumia kalamu.

"Haya. Wewe ndiye mkono. Andika."

"Niandike nini, mzee?"

"Mie unaniuliza? Mwenyewe yupo hapo. Mdomo si unao?"

Nikamgeukia Bi Mwanahawa. Nilijua jibu, nilikuwa nimelisoma mara tatu, lakini nikauliza. "Mama, kwenu wapi, na bibi yenu aliitwa nani?"

Alijibu kana kwamba hajawahi kuulizwa maishani. Alinipa jina la bibi, la mama wa bibi, na kisima kilipokuwa kabla hakijafukiwa. Nilichukua nakala nyingine, nikafuta Mwanaidi wa kisimani na Zena wa harusini, nikaandika juu yake. Kosa langu, mtakumbuka, lilikuwa la haki: kila mtaa ulipata theluthi yake, kwa hiyo kila mtu alihitaji kufutiwa mara mbili tu. Bi Mwanahawa akanifanya nimsomee upya palipobadilika, akasikiliza amefumba macho, akakitia kitabu kwapani.

"Sasa ndiyo," akasema. "Mwingine!"

Wakapanga mstari. Jumapili zilizofuata nilizimalizia kwenye mkeka ule. Wa Mtoni, wa Kinondoni na wa Kurasini walipokwisha, wakaja wa mitaa mingine, ambao walihitaji kufutiwa mara tatu, na wote walitaka kunisimulia bibi zao kwanza. Alikuja mama mmoja wa kwetu Masasi, akaona haya kusema, akaniuliza kwa Kimakua kama mjumbe angeweza kufika mbali kiasi kile. Mzee akauliza anasema nini. Nilipomfasiria akasema, "Mwambie amefika. Amechoka tu." Nilijifunza kwamba karatasi ya bei nafuu hunywa wino, basi uukoroge wino na gundi kidogo, ubonyeze kwa kitambaa kikavu, wala usipulize. Nilijifunza pia kuuliza. Nilichelewa, lakini nilijifunza mara mia tano.

Tajiri alisikia habari akaja na gari. "Mnachafua kitabu changu!" alipiga kelele kabla hajashuka. Kuli mmoja akamwonyesha mwisho wa mstari na kumwambia, "Foleni inaanzia kule, bwana." Tajiri akautazama mstari, akatazama mkokoteni uliobaki mtupu, akarudi garini. Alikuwa na kipaji cha kubadili rai bila kubadili sura. Kabla ya Ramadhani mkekani hapakuwa na nakala hata moja, naye akakubali kuvichapa vile vinne.

Fundi Maulidi ndiye aliyetoa shauri la kuvipanga. "Mwalimu, mie naweka nukta tupu pale pa kujaza. Mwenye kitabu atajaza mwenyewe. Hatumwagi tena herufi hapa."

Nilipeleka prufu Mtoni. Seti moja. Mzee akapitisha kidole juu ya zile nukta, kidole kikitetemeka.

"Hapa ataandika nani?"

"Mwenye kitabu, mzee."

"Bila mie kumuuliza?"

"Bila wewe. Wala mie."

"Na akikosea?"

Aliniuliza mie, bingwa wa makosa wa kiwanda kizima. Mzee akazilaza zile karatasi mapajani. Nilidhani atakataa, na nilianza kupanga hotuba. "Haya," akasema mwishowe. "Vichapwe."

Sasa mnaniuliza mwandishi afanye nini wachapaji wakibadilika. Nimeshika kazi hii miaka mingi baada ya hapo, nimeona risasi ikiondoka na mashine mpya zikija, na kila zilipokuja nilikaa kwenye kiti nikafikiri kwanza. Jibu zuri sina. Nina hili moja la kuwasimulia.

Baada ya Idi, mzee aliniomba nimpeleke Kinondoni kumtazama Bi Mwanahawa. Karibu na nyumba yake palikuwa na fundi baiskeli, na wateja wake walikaa wakingoja viraka vikauke, naye anawasomea. Kilikuwa kimoja cha vile vinne, kisa cha mfinyanzi aliyefinyanga chungu kisichojaa. Kwenye nukta alikuwa amejaza kwa penseli kwamba chungu hicho kiliishia Kinondoni, nyumbani kwa mama yake mwenyewe, na pembeni ameongeza mistari yake kwamba chungu kinavuja, ndiyo maana kwao unga hautoshi. Wateja walikuwa wakicheka. Mzee alisimama, akavumilia kidogo, akashindwa.

"Samahani, baba. Chungu kile hakikuvuja. Hakikujaa tu."

Fundi hakuinua hata macho. "Mzee, kitabu hiki umekisoma?"

"Nilikisikia zamani."

"Basi ulisikia vibaya. Chungu tunacho nyumbani, nakijua mie. Kaa usikilize, usitukatize."

Nilifungua mdomo niseme huyu ni nani. Mkono wa mzee ukanishika kiwiko, ukitetemeka, ukanibana mpaka nikanyamaza. Akavuta debe tupu lililokuwa karibu na pampu, akaligeuza, akaketi miongoni mwa wateja.

"Haya, baba," akasema. "Nisomee. Anzia mwanzo."